Salio

Kabati limesimama. Mninga wa Tabora, milango miwili ya kioo,
bawaba za shaba nilizozifuata mwenyewe Kariakoo.
Salmini anafagia maranda, mimi nasubiri salio langu.
Bwana Ndyetabula anakuja na chupa, si na bahasha.

"Onja, fundi. Wiski hii imelala miaka ishirini na mitano
ndani ya pipa lililokuwa la sheri."
Sheri ni nini? Divai ya Wahispania, anasema,
tamu, nzito; wakiimimina yote, pipa linabaki limelewa.

Rangi ni ya mninga ukipigwa vanishi ya pili.
Sikunywa. Nilinusa kwanza, kama ninavyonusa ubao kabla sijalipa,
maana wauza mbao hupaka uongo rangi.

Zikaja zabibu kavu za sikukuu,
ganda la chungwa lililosahauliwa dirishani,
kisha kwa nyuma, taratibu,
kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya msiba,
mti.

Si mvule. Si mkongo.
"Huu siujui," nikasema.
"Mwaloni," akasema.
Miaka thelathini na moja nameza vumbi la msumeno,
kumbe kuna mti sijawahi kuupiga hata msumari.

Nikanywa. Moto ukashuka, ukafika kifuani,
ukatandika mkeka.
Nikakumbuka sanduku la mama, alimokuwa akiweka karafuu.
Alipofariki nililivunja, nikalifanya kitanda cha mwanangu.
Hadi leo mvua ikinyesha kitanda kinanukia karafuu,
na mtoto mwenyewe yuko Mtwara, ana ndevu.

"Unaionaje?"
Mvumilivu hula mbivu, nikamjibu,
hii imevumilia hadi imekuwa mbivu yenyewe.
Lakini Bwana, pombe ikikaa, bei hupanda.
Salio langu limekaa tangu Februari
na kila nikipiga simu linapungua.

Akacheka. Nami nikacheka.
Salmini hakucheka; alikuwa na nauli ya kuja tu.

Jua la Masaki likatupokea bila huruma.
Tulipofika Keko ulimi wangu ulikuwa bado na ule ugeni,
nikaokota kipande cha mninga chini ya meza ya kazi,
nikakiramba.
Salmini akadhani nimelewa.

Kichungu.
Bado kibichi.