Sahani Aliyoilipia Baba

Naingia soko la Kenya na kipande ndani ya leso,
kimoja tu, kipana kama kucha tatu:
ukingo wa bluu, uzi wa dhahabu uliofubaa,
na nusu ya jani la mti nisioujua.
Mama Fwamba ananiona kwa mbali, anacheka:
"Huyo anakuja na mfupa wake!"
Anasogeza ndoo za plastiki, masufuria ya Zambia,
anachomoa chini kabisa, ndani ya gazeti la zamani,
sahani moja, mbili, bakuli lililopoteza mfuniko.
Naweka kipande kando ya ukingo.
Mara nyingi bluu inakataa.
Kuna bluu ya Ubelgiji, bluu ya China, bluu ya shati la shule,
na kuna hii.

Ikikubali, sifurahi kwanza. Naigonga kwa ukucha
kama baba alivyonifundisha:
sahani nzima hulia, yenye ufa hukohoa.
Alizijua kwa masikio, si kwa kinywa.
Miaka kumi na tisa jikoni, nyumba ya wageni ya kampuni,
akiosha michuzi asiyoijua majina,
akizipanga kwa dazeni, nyuso ukutani,
na jioni anarudi Katuba
kula kwenye bati lililobonyea.

Siku aliyoangusha moja
(alisema ilichelewa kufika chini,
kana kwamba ilikuwa bado inafikiri)
Madamu hakupiga kelele.
Aliandika.
Miezi mitatu mshahara ukavuja
kama mahindi kwenye gunia lililotoboka.
Deni lilipokwisha, baba alivua kofia,
akaomba vipande vyake.
"Vya nini, Kyembe?"
"Nimevilipia."

Kimoja mama alikwangulia magaga.
Vingine tulichezea, tukavizika kwenye mchanga mwekundu,
tukasahau kaburi.
Kilichobaki kililala ndani ya kopo la biskuti,
kati ya kadi ya kazi na cheti cha ubatizo,
hadi nilipokuwa na pesa zangu mwenyewe
na ujinga wa kutosha kuanza kutafuta.

Leo ninazo saba.
Hazikai kabatini zikimngoja waziri.
Jumapili zinateremka: bukari inafuka katikati,
matamba yenye karanga, tomsoni wa kukaanga, pilipili pembeni,
mawese yanapanda hadi kwenye uzi wa dhahabu.
Jirani yetu Musonda, alipokula mara ya kwanza,
aligusa kila tonge kama anayeogopa kuamsha mtoto.
Nikamwambia: bonyeza, baba, hiyo imezaliwa kubeba.

Kyembe mwenyewe, macho yamekwisha kuingia ukungu,
alikataa wiki nne. Alitaka bati lake.
Wiki ya tano aliiteremsha magotini,
akaigonga chini ya meza, akidhani simwoni,
akaisikia inalia,
akasogeza kiti.

Zilikuwa nane.
Ya nane ilimponyoka Numbi siku ya Pasaka,
ana miaka sita, vidole vyenye sabuni.
Nyumba ikanyamaza, hata redio ya ng'ambo ya ukuta
ilionekana kusikiliza.
Nami, niliyezikusanya kwa miaka kumi na moja,
nilihisi mkono wangu ukitafuta kalamu.
Mtoto alisimama wima, akangoja kuandikwa.

Baba akainama, akapapasa saruji kwa kiganja,
taratibu, kama anayetafuta kifungo cha shati,
akapata kipande chenye bluu,
akakifuta kwenye suruali,
akakipima makali kwa kidole gumba,
akamwekea mjukuu mkononi.
"Shika. Hiki ni cha bure."

Kisha akauliza kama bukari imebaki.