Upindo

Aikande, nilikupima kichwa kwa futi ya kazini,
ile ninayopimia sare za watoto pale Mbuyuni,
nikaandika nyuma ya risiti ya vifungo.
Paji lako lilichongoka kama ncha ya pasi.
Mama mkwe akasema nimekulaza vibaya.
Jirani akasema nilimcheka mtu nikiwa na mimba.
Nikakuvika kofia ya sufu,
Januari, Moshi, jua la kukaanga karanga.

Daktari Mariki akakupapasa utosi, akanyamaza,
akapapasa tena.
“Fuvu la mtoto lina mishono,” akasema,
“huu wa mbele umeziba kabla ya wakati.”
Mume wangu hakuelewa.
Mimi nilielewa.
Nguo ya mtoto huachiwa upindo, akue nayo.
Wewe uliletwa bila upindo.

Saa tano kwenye benchi, mikono haina kazi.
Nikafumua pindo la khanga yangu, uzi kwa uzi,
mpaka sakafu ikaota manyoya mekundu
na mfagizi akanitazama, akapita, hakufagia.

Ulirudi umevimba, macho yamefumba,
siku mbili sikukujua.
Ya tatu likafunguka la kushoto,
likanikagua kama mteja aliyecheleweshewa gauni.

Mshono unatoka sikio hadi sikio,
umekatwa pindapinda, nywele ziufiche.
Nimeukagua nami, kwa miwani.
“Fundi mwenzangu,” nikamwambia,
“hujaacha hata uzi unaoning’inia.”

Kofia nimeifumua.
Sufu yake inatosha soksi.