Hesabu ya Mia na Saba

Maji ya Newala hupanda mlima kwa mapipa,
na mara nyingine hupanda na wageni.
Leo nimepokea chupa kumi na nne kutoka bondeni,
nimezitia kwenye joto la mwili, nimefunga maabara,
nimebaki na darubini na ujumbe wa Asumini:
*Jumamosi naja na kamba. Tugawane shamba la mama.*

Mikorosho mia na saba.
Nimeigawa kwa kalamu, kwa vidole, kwa punje za mahindi:
hamsini na tatu, hamsini na tatu,
na mmoja umesimama katikati
kama shahidi aliyekataa kuapa.

Chini ya lenzi, kijiti kimoja.
Ndani yake hamna chumba cha kufungia urithi.
Uzi wake ni duara, umejikunja na kujikunja;
ukinyooshwa, humzidi mwenyewe urefu karibu mara elfu.
(Uzi siuoni. Niliusoma chuoni, nikauamini
kama ninavyoamini kwamba nilizaliwa.)

Huanza penye alama moja tu.
Hapo uzi hufunguka, huku na huku,
kama zipu yenye vishikizo viwili,
na kabla hajamaliza kunakili
alama zimekuwa mbili, na moja imeshika njia:
protini zinaipokea, zinaipokeza,
ndoo ya maji mkononi kwa mkono,
mpaka upande wa pili wa nyumba.

Mwisho wake pete mbili zimeshikana, mnyororo.
Hapo huja kimeng'enya, fundi asiyedai ujira:
hukata pete moja, huipitisha nyingine penye jeraha,
huunga. Hakuna kovu.
Sipro tunayowapa wagonjwa
humkamata fundi huyo mkasi ukiwa wazi.
Ndivyo tunavyowaua: kwa kukata kusikoungwa.

Kisha kiuno kinabanwa.
Wawili.
Dakika ishirini, chakula kikiwepo.
Sisi, tangu arobaini ya mama, miezi kumi na tisa.

Na yupi mzazi, yupi mwana?
Kila mmoja kaondoka na ugwe wa kale
uliosokotwa na ugwe mpya.
Hakuna aliyepewa asili, hakuna aliyepewa nakala.

Jumamosi Asumini alikuja na kamba ya katani
na mumewe Lichanda, mwenye daftari.
Tulihesabu hadi kwenye ule mmoja, nyuma ya jiko.
Nikasema, "Kabla ya kugawa, tunakili."
Akanitazama kama niliyeshinda kwenye uraka.
Nikamweleza: kikonyo, mche, wembe, ukanda wa nailoni;
Naliendele wapo wanaojua kubebesha;
miaka mitatu, nawe utaokota korosho zake kwako.

Lichanda akafunga daftari.
Asumini akapapasa gome, pale mama alipolichanja panga
siku baba alipouza mbuzi bila kusema.
"Na huu wenyewe," akauliza, "wenye hili,
utakuwa wa nani?"

Sikuwa na jibu. Bakteria hawana gome.

Kamba ilibaki imeviringwa kwenye majani.
Tukaokota mabibo, tukayafyonza kwa kuinama
ili yasituchuruzikie, na yakatuchuruzikia,
yeye kangani, mimi kwenye koti jeupe la kazi:
doa lile lile,
lisilojua sabuni.