Swali Ambalo Halimo

Kitangari, mwezi wa saba, ukungu umelala dirishani.
Vishikwambi vitano, wauguzi kumi na mmoja.
Kidole changu kikavu; kioo hakinisikii.
"Kiloweshe kidogo, Sista Somoe," ananong'ona Nampota,
mtoto wa juzi; mama yake nilimzalisha mimi.

Mwanawe Fatu Chinduli, miezi minane, anakohoa.
Nahesabu pumzi kwa saa yangu ya kifuani: arobaini na sita.
Akili mnemba inasema hamsini na nne.
Nacheka. Narudia, kiganja juu ya tumbo dogo.
Hamsini na tatu.
Sicheki tena.

Haya, nashuka nayo swali kwa swali:
homa? kunyonya? degedege?
Lakini kanga ya Fatu inanuka salfa,
vumbi la njano limeganda kwenye kope zake,
katoka kupulizia mikorosho, mtoto mgongoni,
na swali hilo halimo.

"Niandike wapi?"
Mkufunzi anapandisha, anateremsha, anapandisha.
Mwisho anatoa kalamu, anaandika kiganjani mwake:
salfa.

Mtoto anaanza dozi. Fatu anaambiwa habari ya shamba.
Mkufunzi bado kaniinamia:
"Na kingine kipi hakimo?"

Navuta kiti.