Shingo Haijaambiwa

Jiwe lilitoka chini ya tairi la lori la mchanga,
pale unapoliacha daraja la Sabaki.
Si kubwa, tuseme punje ya hindi.
Nyuma nilikuwa na trei ishirini za mayai ya Mambrui:
halikupasuka hata moja.
Kilichopasuka ni kioo.

Mwanzo ilikuwa nyota, naifunika kwa kidole gumba.
Nikaipaka rangi ya kucha isiyokuwa na rangi,
dawa ya shoga yangu Kadzo,
nikasema, yatosha.
Lakini ufa una saa zake za kazi.
Jua la saa saba, unatembea.
Nikimwaga maji ya baridi, unatembea.
Nikibamiza mlango kwa hasira ya mteja asiyelipa,
unatembea mara mbili.
Kufikia Mfungo Tatu ulikwisha vuka upande wa abiria
na kuikata katikati stika ya mwisho ya bima
aliyoibandika marehemu Shee kwa mkono wake,
imekwenda upande kidogo
kama kila alichokibandika.

Askari wa njia ya Msabaha alinizoea.
"Mama Mayai, kioo hiki kitakuua."
"Kitaniua bei yake," namjibu,
namwachia sita, kwenye mfuko wa karatasi.
Usiku mmoja nikapiga hesabu:
mayai ya askari, miezi minane,
nusu ya kioo.

Kikapatikana kwa muuza vyuma wa Jomvu,
kimetolewa kwenye Datsun iliyokufa injini, ndugu ya yangu.
Kikaja kwa basi, kimeviringishwa blanketi la hospitali,
kimekaa kiti cha nyuma
kwa nauli ya mtu mzima.

Fundi Nzaro wa Maweni hana haraka.
Ana sabuni ya kipande, kamba ya nailoni,
bisibisi mbili zilizosagwa ncha,
na kijana wake, Dzombo, mwenye miguu mirefu.
Mpira wa zamani ukakatwa kwa kisu.
Dzombo akalala kitini chali, nyayo mbili juu ya kioo.
"Polepole," fundi akamwambia.
"Unakitoa. Hukifukuzi."

Chini ya mpira: kutu, mchanga,
risiti ya petroli iliyosahau maandishi yake,
na herini moja ya shaba.
Si yangu.
Fundi akanitazama.
"Gari hili," nikasema, "lilikuwa na mwenyewe kabla yetu."
"Naam," akasema,
akaendelea kupaka sabuni.

Kamba ikazungushwa ndani ya mfereji wa mpira mpya,
ncha mbili zikaning'inia ndani.
Nje Dzombo anagandamiza kwa viganja,
ndani fundi anavuta,
na mdomo wa mpira unajigeuza taratibu
ukipanda juu ya bati
kama soksi kwenye kisigino cha mtoto asiyetaka shule.
Kona ya kushoto ikakataa.
Fundi akavuta. Kioo kikalia, tik.
Tukanyamaza wote, hata redio ya kinyozi wa jirani
nadhani ilinyamaza.
"Kinakaa," akasema Nzaro. "Kila mgeni hulia kidogo."

Kile cha zamani tulikiegemeza ukutani.
Kuku akaja kujitazama, mara mbili, kwa sababu ya ufa.
Stika sikuibandua.
Nilitia kucha pembeni, nikaiacha.
Herini iko kwenye pochi, pamoja na chenji.

Kesho yake nikafuata mayai.
Njia imekuwa pana mno, haina aibu:
nguzo ya umeme, gunia la mkaa,
mwenye pikipiki na godoro lake mgongoni,
kila kitu kiko kizima, mahali pake, kinanitazama.
Na mimi, nikikaribia daraja,
nainamisha kichwa kulia
kuchungulia kando ya ufa usiokuwepo.

Miezi minane.
Shingo bado haijaambiwa.