Kichwa cha Kijiti

Alikanyaga msumari Agosti,
asijue. Mguu ulishakufa ganzi.
Damu sakafuni ndiyo iliyomwita mama.

Tangu hapo nauosha kila asubuhi, hapa Cheyo:
maji ya chumvi, bandeji, kimya.

Muuguzi Nyamizi wa Kitete alitueleza:
mwilini mna wajumbe, wadogo kuliko vumbi.
Ngozi ikipasuka hupiga mbio,
huyu huita mishipa mipya ichipue,
yule huamsha chembe zilizolala: jengeni!
Lakini damu ikizidi sukari
wajumbe hupungua, wengine huliwa njiani,
na insulini hubisha hodi mlango kwa mlango,
hagongi pakafunguliwa.

Baba akacheka. Miaka thelathini na mmoja
aliongoza genge la reli, Tabora hadi Malongwe.
"Ndiyo yale yale. Taruma limeoza,
mafundi wapo, nyundo zipo, kokoto ipo,
ila simu ya stesheni imekatika.
Watu wamekaa kivulini wanangoja amri."

Siku hizi anajichoma sindano mwenyewe,
anafinya tumbo, anahesabu yuniti kwa sauti
kama anayehesabu mabehewa.
Asali ya shemeji yake wa Sikonge
tumewagawia majirani. Alitazama pembeni.

Mimi nina kijiti cha kiberiti.
Kila Ijumaa nakishika juu ya kidonda, bila kugusa,
napima.
Septemba kilimezwa chote.
Leo kimechomoza,
na ukingoni pana ngozi changa, nyembamba kama utando wa yai.

"Kichwa tu," nikamwambia.
Akauliza: "Cha kijiti, au cha treni?"