Anua

Programu yangu inaitwa Anua.
Kazi yake moja: wingu likikaza juu ya Wete
simu inalia, na aliyeanika karafuu
anakimbilia majamvi.
Niliiandika peke yangu, chumba cha uani,
feni likigeuza shingo kama jirani mbea.
Mie ndiye mkurugenzi, mhasibu, tarishi,
na mpika chai ya kikao
ambacho mjumbe wake ni mie.

Lakini mkono mmoja hauchinji ng'ombe.
Msimu wa vuli nikampata Shaame wa Mkoani,
fundi wa kurasa, alipwaye kwa kazi, si kwa mwezi.
"Nitumie nywila," akaandika.
Nikaituma, hivyo hivyo, kwa ujumbe:
jina la marehemu paka wangu na mwaka aliokufa,
nywila ile ile ya barua pepe, ya benki,
ya kila mlango nilio nao.

Tarakimu sita zikaanza kunifuata.
Niko matangani Kizimbani, juzuu mkononi,
simu inatetema: "Dada, msimbo, upesi,
unakufa baada ya nusu dakika."
Kufa! Hapa tumekuja kwa jambo hilo hilo.
Nikampa chini ya kanga
kama mtu anayepitisha ugoro.

Shaame hakuiba. Niliseme hili mapema,
maana watu hupenda hadithi iwe na mwizi.
Simu yake ilibaki kwenye kiti cha boti,
haina hata kufuli,
na ndani yake mie, mzima mzima.
Aliyeiokota simjui hadi leo.
Wiki ile, kwa jina langu, ikapanda dukani
michezo ya kamari.
Akaunti ikafungwa siku kumi na tisa.
Anua ikawa bubu,
na siku ya kumi na moja mvua ikaja bila hodi.
Bi Hidaya wa Mtambwe alikuwa kalala.
Magunia mawili yakavunda.
Hakunilaumu. Aliniletea kiganja cha karafuu
zilizoota ukungu, akasema:
"Nusa."

Sasa kila fundi huingia kwa jina lake.
Wa picha aguse picha.
Wa majaribio ajaribu, asichapishe;
kutoa kwa watu ni kidole changu.
Tarakimu sita haziendi kwa mtu, hata kwenye harusi.
Na namba za dharura ziko karatasini,
ndani ya kopo la halua. Dada yangu Riziki
anajua kopo gani,
kwani duka la mtu mmoja
hufa kifo kimoja.

Shaame alirudi. Akamaliza Jumatano,
nikamlipa Jumatano,
na kabla ya magharibi nikamwondoa.
Akapiga. "Umenifuta, Mize?"
Sauti ya mtu aliyefungiwa nje, viatu vyake vimo ndani.
Nikatafuta neno.
"Wewe ukianika, jua likitua, waziacha?"
Kimya. "Naanua."
"Kwa kuwa mbovu?"
"Kwa kuwa nzuri," akasema, polepole,
kama anayelipa deni la mwenzake.

Hakucheka. Kesho yake akatuma hesabu ya bando
aliyoisahau, shilingi elfu tatu. Nikalipa.

Karafuu moja ya Bi Hidaya ingali mezani
karibu na kipanya. Haina harufu tena.
Ila nikiombwa kitu kwa haraka
naishika kwanza.